Msitujibu "Tena?": barua ya wazi kuhusu mimba inayoingia mama akiwa bado likizo ya uzazi

Kwenu waajiri, wakuu wa idara, maofisa rasilimali watu, na ninyi mnaoketi kuandika sheria za kazi,

Nawasalimu kwa heshima.

Usiku nilipojua kwamba nina mimba ya pili, mwanangu alikuwa na miezi mitatu na wiki mbili, na zilibaki siku 16 likizo yangu ya uzazi iishe. Nilikuwa nimesimama bafuni, mtoto begani ananihangaikia hajacheua, kipimo nimekilaza kando ya sinki. Mstari wa pili ulikuja polepole, kwanza kama kivuli, kisha ukakolea. Nawaambia ukweli wangu wote: sikufikiria kwanza afya yangu, wala mshono wa upasuaji ambao bado ulikuwa ukiwasha kila nikiinama. Hata yule aliyekuwa begani sikumfikiria. Kilichonijia kwanza ni uso wa mkuu wangu wa idara.

Ndiyo maana ninawaandikia. Habari kubwa namna hiyo inamfika mwanamke usiku wa manane, na mtu wa kwanza kumwogopa anakuwa bosi wake. Hofu ile sikuzaliwa nayo. Niliipata kazini, kidogo kidogo, na ninyi ndio mnaoweza kuiondoa.

Siku niliyokabidhi ofisi kwenda kujifungua mtoto wa kwanza, niliagwa vizuri. Keki ilikatwa, picha zikapigwa. Mkuu wangu alinisindikiza hadi mlangoni akaniambia, "Uzae salama, urudi, halafu sasa tupumzike kidogo na mambo ya uzazi, tuna kazi nyingi." Wote tulicheka, na mimi nilicheka. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesikia mtu akimsema dada wa idara nyingine aliyezaa mara mbili karibu karibu: "Yule naye kazi yake kuzaa." Maneno kama hayo hayaandikwi kwenye kanuni za utumishi, lakini kila mwanamke aliye ofisini anayajua kwa moyo, na anayafuata kuliko kanuni zenyewe.

Basi nikaficha. Nilirudi kazini na mimba ya wiki 7, nikaificha hadi ilipofika wiki 22. Haikuwa vigumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwanamke aliyetoka kujifungua hakuna anayemshangaa kuwa na tumbo. Wenzangu waliniambia, "Pole pole, litarudi tu," nami nikaitikia. Tumbo jipya lilijificha nyuma ya la zamani. Asubuhi nilikuwa nikienda choo cha mwisho wa korido, nafungua bomba maji yatiririke ndipo nitapike. Mchana nilijifungia kwenye chumba cha mafaili kukamua maziwa ya mtoto aliyebaki nyumbani, na maziwa yenyewe yalikuwa yakipungua kila wiki kwa sababu mwili ulishaanza kujiandaa kwa mwingine. Nilikuwa nikiitazama chupa, naona alama ya jana iko juu ya maziwa ya leo.

Kliniki sikwenda. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wenu mnadhani kuficha mimba ni suala la aibu tu. Ni suala la ruhusa. Ofisini kwetu kila anayeomba ruhusa ya nusu siku hujaza sababu. Mwezi ule nilishaomba ruhusa mbili, zote za kumpeleka mtoto chanjo. Ya tatu ningeandika nini? Ningeandika ukweli, fomu ingepita kwa msimamizi, kwa ofisa rasilimali watu na kwa karani wa mahudhurio, na kabla ya saa za kazi kuisha jengo zima lingejua. Nikajiambia mwezi ujao. Mwezi ujao nikajiambia hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mimi mara ya kwanza nilionwa wiki ya 22. Mkunga alichukua kadi yangu ya zamani na mpya, akaziweka sambamba mezani, akahesabu kwa vidole: tarehe ya upasuaji, tarehe ya kushika mimba. Wiki 12 tu katikati. Alikaa kimya, kisha akaandika juu ya kadi kwa wino mwekundu na kuniambia, "Mama, hii tulitakiwa tuijue mapema." Damu yangu ilikuwa imeshuka. Mshono wa tumbo la uzazi ulikuwa mbichi bado, na mshono wa namna hiyo una hatari kubwa zaidi ya kuachia wakati wa uchungu kuliko uliopata muda wa kupona. Mtu wa aina yangu ndiye aliyehitaji kliniki kuliko wote, na ndiye aliyeikwepa kuliko wote, kwa sababu ya safu moja kwenye fomu iliyoandikwa "Sababu ya ruhusa".

Mwanangu wa pili alizaliwa wiki ya 35. Njiti. Alikaa hospitali wiki mbili, akatoka, na leo anakimbia. Sisemi kwamba kuficha kwangu ndiko kulikomfanya awahi. Daktari hakuniambia hivyo, nami sitaki kuwatisha kwa jambo nisilo na ushahidi nalo. Ninachosema ni kwamba wiki 15 zilipita bila mtu wa afya kunigusa tumbo, na wiki hizo haziwezi kurudishwa.

Siku niliyowaambia, nilikwenda kwa mkuu wangu nikiwa na barua ya daktari. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akasema neno moja: "Tena?"

Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa Kiswahili ni neno la heri. Karibu tena. Tuonane tena. Mungu akujalie tena. Siku ile lilitoka likiwa na uzito ambao sikuwahi kuusikia, kana kwamba nimekamatwa na kosa nililokwisha kuonywa. Akaongeza, "Ulipanga?" Sikumjibu. Baada ya wiki moja niliambiwa, kwa mdomo, kwamba nafasi ya kukaimu ukuu wa kitengo niliyokuwa nimeahidiwa atapewa mwingine, "ili usichoke." Sikuwa nimesema nimechoka.

Hilo swali la kupanga nitalijibu hapa, kwa niaba ya wote wanaoulizwa, halafu ningeomba lisiulizwe kamwe ofisini. Wapo waliopanga. Mwanamke aliyeanza kuzaa akiwa na miaka 39 hana nafasi ya kusubiri, na hesabu hiyo ni yake na mwenzi wake. Wapo ambao njia ya uzazi wa mpango iliwaangusha, maana hakuna inayokinga kwa asilimia 100. Na tupo wengi tulioamini kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Kuna kweli ndani yake. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana kwamba kunyonyesha kunakinga kwa kiwango kinachofikia asilimia 98 katika miezi 6 ya kwanza, lakini kwa masharti matatu kwa pamoja: hedhi iwe haijarudi, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku, na awe hajavuka miezi 6. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka. Mimi nilianza kumpa mtoto maziwa ya kopo usiku tangu mwezi wa pili ili azoee kabla sijarudi kazini. Hakuna aliyeniambia kwamba chupa ile ya usiku ilikuwa imefungua mlango. Yai linaweza kupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo hata ile ishara tunayoingoja inaweza kuchelewa. Kwa mama asiyenyonyesha, mimba inaweza kuingia wiki tatu tu baada ya kujifungua.

Naomba mlitazame hilo la chupa kwa macho ya mwajiri. Likizo ikiwa fupi na hakuna mahali pa kunyonyesha kazini, mama huanza mapema kumwachisha mtoto, na akianza kumwachisha, kinga ya asili inaondoka. Kisha mimba ikiingia, ofisi ile ile inauliza "Tena?"

Najua mtaniambia kwamba hata madaktari wanashauri kupishanisha. Ni kweli, na ninaunga mkono. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kujaribu mimba nyingine. Mimba zikifuatana karibu sana, mama ana hatari zaidi ya kupungukiwa damu na mtoto ya kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mimi nimeyaona haya mwilini mwangu. Hakuna haja ya kunihubiria. Lakini ushauri ule alipewa mama na mtoa huduma wake, chumbani, mlango umefungwa, ili umsaidie. Ukishavuka na kuingia ofisini ukawa kipimo cha nidhamu, unafanya kinyume cha kile ulichotungwa kufanya. Mjamzito mwenye hatari zaidi anafichama zaidi.

Sheria nazo zina sehemu yake katika hili. Usiku mwingi, mtoto mmoja akiwa kifuani na mwingine tumboni, nilikuwa nikisoma sheria za kazi kwenye simu, taa imezimwa. Nilitaka kujua kama mimi ni mkosaji. Nikaanza na mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uzazi, wa mwaka 1919, uliopitishwa katika mkutano wa kwanza wa shirika hilo kule Washington, uliotoa wiki 6 kabla ya kujifungua na 6 baada yake. Nikasoma na ule unaotumika sasa, Mkataba Namba 183 wa mwaka 2000. Unasema likizo isipungue wiki 14, na wiki 6 baada ya kujifungua ziwe za lazima. Fedha anayolipwa mama, inapokokotolewa kwa mshahara wake, isiwe chini ya theluthi mbili. Haruhusiwi kufukuzwa akiwa mjamzito, akiwa likizo, wala katika kipindi cha baada ya kurudi kinachowekwa na sheria ya nchi, isipokuwa kwa sababu zisizohusiana na uzazi. Na wa kuthibitisha kwamba sababu hazihusiani ni mwajiri. Akirudi, ana haki ya kazi ile ile au inayolingana nayo kwa mshahara ule ule. Nilisoma mara mbili nikitafuta kifungu kinachosema ulinzi huo ni wa mimba zilizopishana miaka fulani. Hakipo.

Zipo nchi ambazo sheria zake hazijafika hapo. Tanzania, kwa mfano, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inahesabu likizo ya uzazi yenye malipo kwa mzunguko wa miezi 36: siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Ndani ya mzunguko huo huo mama huongezewa siku 84 nyingine ikiwa mtoto amefariki kabla ya kutimiza mwaka. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kifungu hicho kina huruma, nakiheshimu. Lakini maana yake ni kwamba mwanamke aliyezaa mara mbili ndani ya miaka mitatu anayefikiriwa ni yule aliyezika. Aliyebaki na wawili walio hai, mmoja hajajua kutembea, mwingine hajafungua macho vizuri, sheria haimpi uhakika wa likizo ya pili yenye malipo. Ninyi mnaotunga sheria, popote penye mzunguko wa namna hii, naomba mkitazame upya. Mwili hauponi mshono kwa kufuata mzunguko wa miezi 36, na mtoto mchanga wa pili ananyonya sawa na wa kwanza.

Upande wa pili nikakuta kesi zilizonipa nguvu. Ujerumani, muuguzi mmoja kwa jina Wiebke Busch alikuwa likizo ya kulea mtoto, akaomba kuikatisha arudi kazini, mwajiri akakubali. Siku moja baada ya kurudi akasema ana mimba ya miezi 7. Mwajiri akaondoa kibali chake. Tarehe 27 Februari 2003 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya ikasema kwamba muuguzi yule hakuwa na wajibu wa kutaja ujauzito alipoomba kurudi, na kwamba kuondoa kibali kwa sababu hiyo ni ubaguzi wa kijinsia. Mwajiri alidai muuguzi alirudi ili apate malipo makubwa zaidi ya uzazi. Mahakama ikasema hata kama ni hivyo, haihalalishi ubaguzi. Kisha Finland, mwalimu aitwaye Sari Kiiski aliyekuwa amepewa likizo ya kulea mtoto akashika mimba, akaomba tarehe zibadilishwe. Akakataliwa, eti mimba mpya si sababu ya kutosha kubadili likizo. Mwaka 2007 mahakama ile ile ikasema kanuni inayomnyima mjamzito haki zake za likizo ya uzazi kwa njia hiyo haikubaliki.

Mimba mpya si sababu ya kutosha! Sentensi ile niliisoma nikiwa na miguu iliyovimba, nikajua sipo peke yangu, na kwamba mwanamke wa nchi ya mbali ambaye sitaonana naye alisimama mahakamani kwa ajili ya kitu kile kile nilichokuwa nikikificha chooni.

Sasa kuhusu gharama. Sitaki kujifanya kwamba hazipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi sita, akimkosa mmoja mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, anaumia kweli, na wengine wenu mnaonisoma mko hivyo. Lakini Mkataba 183 uliliona hilo pia. Unasema malipo ya likizo ya uzazi yatoke kwenye bima ya jamii ya lazima au mfuko wa umma, na kwamba mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe mzigo huo moja kwa moja, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, kama pale alipokubali mwenyewe. Sababu inayotajwa ni kulinda nafasi ya wanawake katika soko la ajira. Maana mwajiri akijua kila mimba ni mshahara wa miezi kadhaa kutoka mfukoni mwake, ataanza kuhesabu umri wa wanawake anaowahoji kazini. Basi pale ambapo mfuko haupo, waajiri wadogo ni wenzetu katika madai haya. Tungekwenda serikalini pamoja.

Na wapo wenzangu wa kazi. Kwao nina deni la maneno. Dada aliyekaa meza ya jirani alifanya kazi zake na zangu mara mbili, na mara ya pili hakunipongeza. Nilimwelewa. Ofisi haikuleta mtu wa muda, haikumlipa ziada, haikupunguza chochote. Kazi iligawanywa tu kwa waliopo, na kila alipokaa hadi usiku, mtu aliyemkasirikia alikuwa mimi, maana mimi ndiye nisiyekuwepo. Hasira yake ilikuwa ya haki. Aliyestahili kuipokea ni yule aliyekuwa na miezi ya kujiandaa na hakuandaa. Mimba ni jambo linalotoa taarifa mapema kuliko karibu kila sababu nyingine ya mtu kutokuwepo kazini. Mguu ukivunjika hautoi taarifa. Mfanyakazi asipoogopa kusema, mna miezi 5 au 6 ya kutafuta mtu na kumfundisha. Mimi niliwapa miezi mitatu, kwa sababu niliogopa.

Kwa hiyo ninaomba nini? Sentensi moja kwenye kanuni zenu za utumishi ingetosha kuanzia: kwamba mfanyakazi anayepata mimba akiwa likizo ya uzazi, akiwa likizo nyingine yoyote, au mara tu arudipo, atatendewa sawa na mjamzito mwingine yeyote. Iandikwe wazi, msiseme inaeleweka. Kwetu haikueleweka.

Fomu ya ruhusa iwe na neno "matibabu" tu, na isipite mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Mwenye likizo isiyo na malipo au ya kulea mtoto aruhusiwe kuikatisha aingie ya uzazi. Na pale ambapo malipo hukokotolewa kwa kipato cha miezi ya karibuni, msitumie miezi ambayo mama alikuwa likizo akipokea pungufu, maana hapo anaadhibiwa kwa likizo ya kwanza kwa kulipwa kidogo katika ya pili. Ahadi za vyeo zilizotolewa kabla ya mimba zibaki. Kama mnahofia amechoka, mwulizeni yeye.

Kwa wasimamizi, nina ombi ambalo halihitaji kikao wala bajeti. Mtu akija mbele yako na barua ya daktari, mtoto wake wa kwanza hajafikisha mwaka, tayari ameshajiuliza kila swali unalotaka kumwuliza, na kwa ukali kuliko utakavyoweza. Mwambie akae. Mwulize anaendeleaje. Mwulize kliniki anahudhuria lini, na umpe siku hiyo. Mambo ya nani atashika kazi zake yanaweza kusubiri wiki moja.

Baadaye niliitwa ofisi ya rasilimali watu kukagua taarifa zangu. Karani alikuwa mkarimu, alinivutia kiti. Akafungua faili, nikaona ukurasa wa likizo. Kwenye fomu ile, mbele ya maneno "Likizo ya uzazi", kuna nafasi moja tu ya tarehe ya kuanza na moja ya kumaliza. Zangu za mtoto wa kwanza zimeandikwa humo kwa wino. Za mtoto wa pili karani alikuwa amezibana pembeni, nje ya mstari, kwa penseli, herufi ndogo ndogo zinazoelekea juu kwa kukosa nafasi. Nilimwuliza mbona hivyo. Akasema, "Mama, fomu haina pa kuandika."

Naomba fomu iongezwe mstari, na tarehe za mwanangu wa pili ziandikwe kwa wino.

Wenu katika kazi,
Mama wa watoto wawili